Mavi ya Mbuzi Hayachorwi Hivyo

Wanafunzi wangu wa darasa la pili hapa Didia, Usukumani, wakionyeshwa kinyesi kilichochorwa kitabuni, hawakimbilii kucheka. Kwanza wanakagua. Wengi wao walishika fimbo ya kuchungia kabla ya kushika penseli, na kwa mambo ya zizini huwadanganyi. Siku moja nilinyanyua kitabu chenye mbuzi aliyeacha nyuma yake kilima cha kahawia kilichojiviringa kama aiskrimu. Kimya. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, huyo mbuzi anaumwa." Hapo ndipo darasa likaangua kicheko, na aliyechekwa alikuwa mchoraji.

Kichekesho cha uchafu ni ufundi, na kama ufundi wowote kina mafundi na wabahatishaji. Walimu wenzangu wengi wanakiweka kando chote kwa jina la maadili. Siwalaumu, mtoto akirudi nyumbani anaimba ushuzi, anayetafutwa na mzazi si mwandishi. Lakini babu na bibi zetu walisimulia habari za fisi aliyekula mpaka akatapika, na wajukuu, kwa kuwa ni watani wao, waliambiwa mengi ambayo baba asingethubutu kuyatamka mbele ya wanawe. Wahenga ndio waliotuachia kwamba mavi ya kale hayanuki, na hakuna anayewaita wahuni.

Kwa hiyo mimi naanza pale walipoanza watoto: je, mchoraji amekitazama kitu chenyewe? Wajerumani wawili, mwandishi Werner Holzwarth na mchoraji Wolf Erlbruch, walitoa mwaka 1989 kitabu cha fuko anayechomoza kutoka shimoni na kuangukiwa na mavi kichwani. Anazunguka akimuuliza kila mnyama kama ndiye, na kila mnyama anajitetea kwa njia moja tu: anatoa yake papo hapo. Ya farasi, ya sungura, ya mbuzi, ya ng'ombe, kila mmoja na umbo lake na namna yake ya kudondosha. Wanaomtambua mhusika mwishoni ni nzi wawili, wataalamu wa fani. Hiki ni kitabu cha upelelezi, na ushahidi ungechorwa ovyo kesi ingeanguka. Mjapani Taro Gomi alikuwa ameshapita njia jirani mwaka 1977, akipanga wanyama na vinyesi vyao kwa utulivu wa mwalimu wa sayansi. Vitabu vyote viwili vingepita ukaguzi wa wachungaji wangu.

Kitabu kingine, nadhani cha mtu wa mjini, kinamwonyesha mtoto aliyekanyaga mavi ya ng'ombe akipiga yowe kurasa tatu nzima. Darasa lilinitazama likisubiri kichekesho kianze. Huku mavi ya ng'ombe ni mbolea, tena huchanganywa na udongo kusiriba sakafu. Mama ameyashika kwa mikono yake asubuhi hiyo hiyo. Kinachowavunja mbavu watoto hawa ni heshima inapopasuka. Ushuzi wa mtoto ni ushuzi tu. Wa mtemi barazani ni kisa.

Ndiyo maana naangalia pia uchafu kabebeshwa nani. Kamasi likimtoka simba, tajiri au mwalimu mkuu, natulia. Likimtoka mtoto mwenye kaptula iliyochanika, nakifunga kitabu, kwa sababu mtoto huyo darasani kwangu yupo, na kabla ya kengele ya mapumziko atakuwa amepewa jina litakalomfuata hadi amalize shule ya msingi.

Sasa maneno. Haja kubwa ni ya zahanati, kinyesi ni cha bango la kampeni ya vyoo, samadi ni ya bwana shamba. Mavi, kwa mtu, yanakaribia tusi. Kwa ng'ombe ni jina lake. Fundi anaujua mlango huo: anamtanguliza mnyama ili neno lipite bila kuchapwa. Ukisoma kwamba mbuzi "alikwenda haja kubwa", rudisha kitabu dukani, isipokuwa kama mbuzi huyo alifunga mlango wa choo nyuma yake.

Sikio nalo lina haki yake. Kitu kikianguka majini ni chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Vitabu vilivyotafsiriwa haraka huacha sauti za Kiingereza zilivyo, na mtoto anayeongea Kisukuma nyumbani anakwama hapo, anazisoma herufi moja moja huku wenzake wamekwisha kujiandaa kucheka.

Vitabu hivi mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32, kutokana na karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani, hivyo nafasi za kumshtukiza msomaji ni chache. Fundi huzitunza. Katika kitabu chetu kimoja, ukurasa wa kulia, tumbo la fisi limevimba, macho yamemtoka, hakuna neno hata moja. Mimi nachelewesha kufunua kusudi. Darasa zima linaziba pua.

Kosa moja silisamehe hata picha zikiwa nzuri: mtoto anayekojoa bwawani ili tucheke. Tuna majaruba ya mpunga na malambo huku, na kichocho husafiri hivyo hivyo. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, hupitia kwa konokono, kisha vijidudu hutoboa ngozi ya anayekanyaga maji. Wapo watoto wanaoujua mkojo wenye damu, na kwao mzaha huo hauna mzaha. Sitaki kitabu kihubiri. Mchoraji amsogeze tu mtoto hatua kumi kutoka majini, akojolee msafara wa siafu, tuone nani atacheka wa mwisho.

Ukitaka kununua kitabu kilichotumika, usisumbuke na jalada. Tafuta ukurasa uliochakaa kuliko wenzake, wenye pembe zilizokunjika na alama za vidole. Hapo ndipo kichekesho kilipo, na kama haupo, hakipo. Katika kitabu chetu cha fisi ni ukurasa wa 14. Una doa la kahawia ambalo nililitilia shaka muda mrefu. Darasa limeshalikagua. Ni uji.