Sululu wa Msituni na Wasasi Wake

Usasi una daraja nyingi, na wengi wanaouchukia au kuusifu wameziona mbili tu: tajiri anayepigwa picha na simba aliyekufa, na maskini anayetega waya usiku apate kitoweo. Katikati ya hao wawili kuna usasi mwingine, wa kutembea kwa miguu tangu asubuhi hadi jua kushuka, na mbwa mmoja, na bunduki ambayo siku nzima huenda isilie. Huo ndio ninaotaka kuusifu. Niliujua katika miaka niliyoishi magharibi ya Wales, nikifuatana na mzee mfuga kondoo aliyekuwa jirani yangu. Ndege aliyenifanya niuheshimu ni woodcock, ambaye hapa nitamwita sululu wa msituni, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na sululu wa pwani yetu.

Huyu hafiki Afrika Mashariki. Baadhi ya vitwitwi wa Siberia huja kushinda kwenye matope ya Mida, karibu na Watamu, lakini yeye, upande huu wa dunia, huishia Ulaya ya magharibi na nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Ana uzito wa gramu 300 hivi, mdomo mrefu ulionyooka, miguu mifupi, na mgongo wenye rangi zote za majani yaliyooza. Macho yake yamekaa juu na nyuma ya kichwa, hata anaona pande zote bila kugeuka. Ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu tele, nayo huweza kufunguka peke yake ndani ya udongo huku sehemu iliyobaki imefumba; ndivyo anavyombana nyungunyungu asiyemwona. Mchana hulala msituni. Giza likiingia huruka hadi malishoni kwa ng'ombe na kondoo, akala usiku kucha, na alfajiri akarudi. Unaweza kusimama hatua mbili kutoka alipolala, ukamtafuta kwa macho, usimwone.

Kwa hiyo kazi ya msasi huanza nyumbani, kabla ya kuvaa viatu. Mzee yule hakutoka bila kuuliza mambo matatu: mwezi uko wapi, upepo unatoka wapi, na sakitu imeanguka kiasi gani. Kundi kubwa la ndege hawa hutoka Urusi, Finland na nchi za Baltiki, wakavuka Bahari ya Kaskazini kuja Uingereza kuikimbia ardhi iliyoganda, na wazee wa huko huwatazamia mwezi mpevu wa Novemba, hasa upepo ukivuma kutoka mashariki. Mnamo 2012 wanasayansi wa Uingereza walianza kuwafunga vifaa vidogo vinavyofuatwa kwa setilaiti, na baadhi ya ndege hao walionekana wakirudi hadi Siberia kuzaliana. Mtu aliyeishi bonde moja maisha yake yote alikuwa akimpokea mgeni wa namna hiyo kila mwaka, na alimjua kwa tabia zake kuliko nilivyowajua mimi majirani zangu wa mtaani.

Baada ya mwezi na upepo huja kusoma ardhi. Sakitu ikiwa kali, mzee alikwenda kwenye miteremko inayopata jua la kusini na kando ya chemchemi, ambako udongo hubaki laini. Mvua ikiwa nyingi, alikwenda juu, kwenye kangaga kavu na chini ya vichaka vya holi, kwa sababu ndege huyu hapendi kudondokewa na matone. Alitafuta vitundu vya mdomo kwenye tope na madoa meupe ya kinyesi juu ya majani. Kulikuwa na holi moja, kando ya ukuta wa mawe uliobomoka, ambayo alisema haikukosa sululu tangu utoto wake: akiondoka mmoja, mwingine hushika nafasi. Alipofika hapo sauti yake ilishuka yenyewe. Kinyume chake, katika usasi wa mashamba makubwa, ndege wafugwao kwa maelfu husukumwa na watu wenye bendera wapite juu ya wapigaji waliopangwa mstari. Huko mpigaji hahitaji kujua holi iko wapi. Sisemi hawana shabaha. Wanayo, pengine kuliko mzee wangu. Ila maarifa ya mahali wameyaacha kwa mtu mwingine aliyelipwa.

Kisha mbwa. Mimi nimelelewa pwani, na mtoto wa pwani hufundishwa kuweka umbali na mbwa. Nguo ikiguswa na mate yake, ni kazi ya kutoharisha. Lakini hata mafundisho hayohayo ya kwetu yamemtambua mbwa wa windo aliyefunzwa, yakahalalisha anachomkamatia bwana wake kwa masharti yake, na nilipomwona wa mzee akifanya kazi nilielewa kwa nini amepewa nafasi hiyo. Alikuwa spanieli mdogo, koka, uzao uliokuzwa kwa ajili ya ndege huyu hasa na kupata jina kwake. Aliingia ndani ya miiba ambayo mtu asingepitisha mkono. Wahenga walisema msasi haogopi mwiba. Yeye hakuuona kabisa. Mkia wake ukibadili mwendo, mzee alijua harufu imepatikana, na kwa ule mwendo tu alitofautisha sungura na sululu. Ndege akianguka, alimleta kwa mdomo laini, manyoya hayajachafuka.

Kule Brittany, Ufaransa, wasasi huwafunga mbwa wao kengele shingoni. Kengele ikilia msituni, mbwa anatafuta. Ikinyamaza, amesimama mbele ya ndege, na msasi huufuata ukimya huo hatua kwa hatua.

Ndege mwenyewe akiinuka, hapana muda. Hupiga mabawa kwa mshindo, akapinda nyuma ya shina la kwanza, akapinda tena, na mara nyingi huruka kimo cha kichwa cha mtu. Hapo ndipo watu wazima hupoteza akili, wakamfuata kwa mtutu bila kuangalia nani amesimama upande wa pili, na marisawa yameshawapata wenzao wengi kwa namna hiyo. Mzee alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: kama huoni mbingu nyuma ya ndege, usipige. Katika vichaka vile kanuni hiyo humwokoa sululu mara nyingi kuliko inavyomwangusha, na mzee hakuinung'unikia hata mara moja. Aliishusha bunduki, akamsifu ndege kwa sauti, akamwita mbwa.

Wapo waliofanya makubwa. Mchongaji Sir Francis Chantrey, akiwa mgeni huko Holkham, Norfolk, aliwaangusha sululu wawili kwa mpigo mmoja, akawachonga katika marumaru na kumpa mwenyeji wake jiwe hilo. Ni kazi nzuri ya mkono. Hata hivyo mimi humwamini zaidi mwenye mfuko mwepesi.

Ndege aliyekufa hakutupwa. Kwenye kila bawa kuna unyoya mmoja mdogo mgumu wenye ncha kali, ambao wachoraji wa picha ndogondogo za sura waliutumia kama brashi. Mzee aliuchomeka kwenye kofia. Chini ya mkia kuna ncha nyeupe, na utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa ndizo manyoya meupe yanayoakisi mwanga kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa ndege. Watu wa kule humwoka mzima na matumbo yake, kisha wakayapaka juu ya mkate uliochomwa. Hicho niliwaachia wao.

Mtu atauliza: mnampenda vipi mnayemuua? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika matendo. Nchini Ufaransa ni marufuku kumuuza ndege huyu, na kila msasi ana kikomo cha ndege 30 kwa mwaka. Wasasi wa huko hupeleka mabawa kwa watafiti, ambao huyasoma manyoya na kujua kama mwaka ule vifaranga walikuwa wengi au wachache. Nchini Uingereza wageni wa majira ya baridi bado ni wengi, lakini sululu wanaozaliana palepale wanapungua: mwaka 2003 madume yalikadiriwa kuwa 78,000, na 2013 yakawa 55,000. Mzee alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa kuketi ukingoni mwa shamba jioni za Mei, akisikiliza madume yanavyozunguka juu ya miti. Tangu hapo hakumpiga sululu kabla ya Desemba, maana kabla ya wageni kuwasili kwa wingi, unayemwangusha Oktoba huenda ni mwenyeji.

Shirika la utafiti la Game & Wildlife Conservation Trust linatoa ushauri huohuo: ngojeni hadi 1 Desemba. Lakini sheria ya England na Wales inafungua msimu 1 Oktoba, na Scotland 1 Septemba. Sheria hiyo iko nyuma ya watu wanaomjua ndege. Ibadilishwe, msimu uanze Desemba, na wasasi wa kweli wawe wa kwanza kuidai.