GPS ya Safari: Usinunue Mita, Nunua Njia ya Kurudi

Kama unapanga kwenda Uluguru au Usambara likizo hii, huenda umeshaanza kuperuzi vifaa vya GPS. Utakutana na namba nyingi: mifumo minne ya setilaiti, masafa mawili, usahihi wa mita chache. Hoja yetu ni kwamba namba hizo zinatangulizwa kwa sababu ni rahisi kuuzika. Zile zinazoamua kama utarudi salama zimefichwa chini kabisa, au hazipo.

Tuanze na sayansi kidogo. Setilaiti za GPS zinaizunguka dunia zikiwa juu kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza muda na mahali ilipo. Kifaa chako kinapima mawimbi yametumia muda gani kufika. Setilaiti tatu zingetosha, ila saa ya kifaa ni ya bei rahisi, kwa hiyo inahitajika ya nne kuisahihisha. Basi, hakuna uchawi.

Sasa boksi linajisifu kwamba kifaa kinasoma pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Ni kweli inasaidia bondeni na chini ya miti minene, ambako mawimbi yanazibwa au yanagonga mwamba kabla ya kukufikia. Lakini hebu jiulize: kwenye njia ya miguu, mita tatu na mita tano zina tofauti gani? Tena simu nyingi za siku hizi zinasoma mifumo hiyohiyo, na hazihitaji bando ili kujua zilipo. Bando ni la kupakua ramani, na hiyo unaweza kuifanya nyumbani kabla ya safari kwa programu kama OsmAnd.

Kwa nini basi ununue kifaa? Kwanza, betri. Chukua mfano wa Garmin eTrex 22x. Inatumia betri mbili za AA, na mtengenezaji anaahidi hadi saa 25. Zikiisha unabadilisha, safari inaendelea. Ina vitufe, kwa hiyo hata mikono ikiwa imelowa unabonyeza tu. Kioo cha inchi 2.2 ni kidogo mno kusomea ramani, hilo tuseme ukweli. Pia haina baromita, kwa hiyo kimo inakipata kwa setilaiti peke yake. Setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako, hakuna iliyo chini, ndiyo maana kosa la kimo huwa kubwa kuliko kosa la mahali. Kama unapanda milima mirefu, 32x yenye baromita ni bora.

Pili, ramani, na hapa ndipo matangazo yanapotuangusha zaidi. Ramani nyingi za karatasi za Tanzania na Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS inatumia WGS 84. Ukisoma namba kwenye ramani ukaziingiza kwenye kifaa bila kubadili mfumo, utakosea kwa takriban mita 300. Mita 300! Porini, huo unaweza kuwa upande mwingine wa korongo. Hakuna setilaiti ya ziada itakayolirekebisha kosa hilo. Ni suala la mipangilio. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pa kubadilisha.

Tatu, na hili linagusa uhai: GPS inapokea tu, haitumi. Ukivunjika mguu, setilaiti zile hazijui hata kama upo. Wengi wanabeba kifaa wakiamini wataonekana mahali fulani, na matangazo hayajisumbui kuwasahihisha. Kuomba msaada pasipo mtandao wa simu kunahitaji kifaa kinachotuma, kwa mfano inReach Mini 2, inayopitia setilaiti za Iridium. Hiyo ina ada ya usajili juu ya bei ya kifaa, kwa hiyo piga hesabu mapema.

Hukumu yetu? Kwa matembezi ya siku moja, simu yenye ramani iliyopakuliwa na pawabenki vinatosha. Kwa siku kadhaa, ongeza kifaa cha betri za kubadilisha. Ukienda pasipo mtandao, hasa ukiwa peke yako, weka pesa kwenye kifaa kinachotuma kabla ya kufikiria masafa mawili. Na kwa vyovyote, mwachie mtu nyumbani njia yako na saa ya kurudi. Hiyo haina bei.