Je, Gitaa ni Chombo cha Shetani?



Kuna maneno tuliyoyasikia tangu utoto wetu katika parokia zetu za Kivu, ya kuwa gitaa ni chombo cha baa, na kwamba kijana akilipenda gitaa mwisho wake ni pombe na uasherati. Walituambia hayo watu wema, wazee wetu waliotupenda, nasi hatutaki kuwadharau. Lakini kwa kuwa tumekabidhiwa kazi ya kuwafundisha vijana hapa Goma, tumeona yafaa tuyapime upya maneno hayo. Maana kuhukumu ni kazi nzito, na mwenye kuhukumu bila kusikiliza hutoka katika haki, hata akiwa na nia njema.

Siku moja, baada ya mazoezi ya kwaya, tuliwawekea vijana wimbo wa zamani katika simu. Ulikuwa wimbo wa “Masanga” wa Mwenda Jean Bosco, ulionaswa mwaka 1952. Vijana wakanyamaza kimya. Ulipokwisha, yule apigaye gitaa katika kwaya akauliza: “Mwalimu, hawa wanapiga wangapi?” Tukamjibu: “Ni mmoja.” Hakusadiki. Akaomba turudie, kisha turudie tena, naye ameinamisha kichwa akitega sikio. Mwishoni akasema: “Mbona hatukuambiwa habari za mtu huyu?” Hatukuwa na jibu jema la kumpa. Ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Basi, Mwenda alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, naye ni mtu wa kabila la Bayeke. Wazee wa Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania, wakaja Katanga kwa biashara ya shaba na pembe katika karne ya 19. Mfalme wao mashuhuri, Msiri, aliuawa mwaka 1891. Jina la Kikristo la Mwenda lilikuwa la Yohane Bosko, rafiki wa vijana, ambaye Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1934, na ambaye wanawe, Mapadre Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911.

Mwenda alikuwa kijana wa Jadotville, mji wa madini uitwao leo Likasi. Huko ndiko Bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alikomkuta mwaka 1952. Nyimbo alizozinasa zilitolewa katika santuri huko Afrika ya Kusini, na jina la Mwenda likaenea Kongo na Afrika ya Mashariki. Alifika mpaka Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kuzisikiliza santuri zake. Mwaka 1969 alialikwa Newport, Marekani, kwenye mkutano mkubwa wa waimbaji wa nyimbo za wenyeji. Serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, yeye naye alijulikana zaidi kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alifariki katika ajali ya gari mwezi wa Septemba 1990.

Hizo ni habari za maisha yake. Sasa na tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa mhunzi hupimwa kwa jembe lake.

Mkono wa kuume wa Mwenda hupiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba hutembea chini katika nyuzi nene, kwa hatua za mtu anayekwenda safari bila haraka. Kidole cha shahada huimba juu katika nyuzi nyembamba, wala hakifuati hatua za gumba. Mara hutangulia, mara huchelewa, kisha hukutana tena pale ambapo msikilizaji hakutazamia. Msomaji aliyepata kuwaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja atatuelewa mara. Mchi mmoja ukipanda, wa pili unashuka, wala haigongani. Mwenda alikuwa watwangaji wawili katika mwili mmoja, na juu ya kutwanga huko aliimba kwa sauti ya upole, kama mtu anayezungumza na jirani yake mlangoni. Kijana wetu hakukosea alipouliza ni wangapi.

Ufundi huo haukutoka hewani. Watu wa Katanga walikuwa na malimba yao, ambayo gumba na vidole hugawana sauti namna hiyohiyo tangu zamani. Gitaa lilitoka ng’ambo, lakini mikono iliyolipokea haikuwa mitupu.

Tena kuna maneno ya nyimbo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha miji ya Katanga, kile cha makambi ya wafanya kazi wa shaba, ambamo watu wa makabila mengi walikutana wasiwe na lugha moja ila hiyo. Si Kiswahili cha pwani, wala si cha vitabu. Ni ndugu wa Kiswahili chetu cha Goma, na mtu wa kwetu hahitaji mkalimani. Aliwaimbia watu waliotoka kijijini wakaingia katika maisha ya mshahara, wakawa mbali na baba zao. Mojawapo ya nyimbo zake inaitwa “Tajiri na mali yake”. Mkristo akilisikia jina hilo tu, anakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya yule tajiri aliyejenga ghala kubwa, na usiku uleule akatakiwa roho yake.

Hata hivyo, hatutaki kusifu bila kipimo. Si kila wimbo wa Mwenda ni dhahabu. Baadhi ya nyimbo zinafanana sana, kama nguo zilizokatwa katika jora moja. Alipokuwa Nairobi aliliimbia pia tangazo la dawa ya Aspro, maana msanii naye ana watoto wa kulisha. Na santuri za siku zile zilimdhulumu, kwa sababu upande mmoja ulichukua dakika kama 3 tu, hata mara nyingi wimbo unakatwa pale unapoanza kutulia. Anayetaka kumsikiliza kwa haki asikilize pia nyimbo alizozirudia katika uzee wake huko Cape Town mwaka 1988, ambapo hakuna haraka ya santuri.

Sasa turudi kwenye lile shitaka la Shetani. Hatujapata kusikia kwamba Mwenda mwenyewe alishitakiwa hivyo, lakini wenzake wa wakati ule walishitakiwa. Mwaka 1948, huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Wendo Kolosoy aliimba “Marie-Louise”, na Henri Bowane akapiga gitaa. Wimbo ulipendwa mno, kisha ukazushiwa uvumi ya kuwa ukipigwa saa sita ya usiku unafufua wafu. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa Kanisa walikasirika, na Wendo akapata taabu kwa ajili ya wimbo huo. Aliishi hata mwaka 2008, akafa mzee anayeheshimiwa na nchi nzima. Wafu hawakufufuka. Kilichofufuka ni furaha ya watu waliochoka na kazi ya juma zima.

Wala si kwetu tu. Huko Marekani, katika nchi ya Mississippi, wajukuu wa watumwa waliotoka Afrika walikuwa na muziki wao uitwao bluzi, uliopigwa na mtu mmoja na gitaa lake, gumba likishika sauti ya chini kama kwa Mwenda. Mpigaji wao mmoja, Robert Johnson, alinasa nyimbo 29 tu katika miaka ya 1936 na 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Watu waliposhindwa kueleza ufundi wake, walisema ameiuza roho yake kwa Shetani katika njia panda. Bibi mmoja mwimbaji wa kanisa, Rosetta Tharpe, alichukua gitaa la umeme na kumwimbia Mungu kwa nguvu ambayo vijana wa rokenroli waliiga baadaye. Waamini wengi walimlaumu kwa kuimba katika nyumba za starehe. Na Fats Domino wa New Orleans, mmoja wa wazee wa rokenroli, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa Mkatoliki, mume wa mke mmoja na baba wa watoto 8. Huyo naye, je, tumwite mtumishi wa Shetani?

Tukiyaweka haya pamoja, twaona neno moja. Palipotokea ufundi mpya mikononi mwa maskini, watu walitafuta asili yake kuzimu, kwa sababu hawakusadiki kwamba Mungu aweza kumpa maskini kipaji kikubwa hivyo.

Nasi Wakatoliki tuna la kujiuliza. Karani au mfanya kazi wa Jadotville aliyejua kupiga gitaa angelipigia wapi? Kanisani palikuwa na kinanda na nyimbo za Kilatini. Nyumba yake ya kambini ilikuwa ndogo. Kilichobaki ni barabara na baa. Tulimfungia mlango, kisha tukamlaumu kwamba analala nje.

Yako mambo mema yaliyofanyika, nasi tusiyafiche. Mwaka 1958, huko Kamina, katika Katanga hiyohiyo, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na kwaya yake walitoa “Missa Luba”, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa namna ya Kiluba na kwa ngoma. Ilisikika duniani kote, nasi tunaipenda hata leo. Lakini angalieni neno hili: ndani yake hamna gitaa. Ngoma ya kijijini iliitwa kuingia kanisani, nalo gitaa la kambini, lililokuwa likilia katika mkoa uleule, halikuitwa. Mwafrika wa kijijini alipata heshima yake. Mwafrika wa mjini, mwenye suruali na mshahara na huzuni zake, aliachwa nje pamoja na nyimbo zake. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo kasoro ya kazi ile njema.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada, na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile. Leo magitaa yamo katika kwaya zetu, wala hakuna anayeshtuka. Lakini chombo kimeingia bila wazee wake. Vijana wetu wanajua waimbaji wa Kinshasa na wa Marekani. Mwezi wa Desemba 2021 rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa binadamu, nasi tulifurahi. Bali huyu aliyeimba kwa lugha yetu wenyewe, wengi wao hawamjui hata kwa jina.

Na sisi wa Goma tuna sababu ya kuogopa usahaulifu kuliko wengine. Nyiragongo ilishuka mwaka 1977, mwaka 2002 ikapita katikati ya mji na kuteketeza hata kanisa kuu letu, na mwaka 2021 ikashuka tena. Vita navyo vimetuhamisha mara nyingi, mtu akikimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nani aliyekimbia na santuri? Kwetu sisi, lisilokaa katika kichwa cha mtu limekwisha potea. Kwa hiyo kumkumbuka mzee wa muziki si anasa. Ni kazi ya wazazi na walimu, kama kufundisha jina la babu.

Mzee mmoja wa parokia, tuliposema naye hayo, alitujibu: “Ninyi hamkuona nyumba zilizovunjika kwa ajili ya baa.” Neno lake ni kweli, nasi hatulipingi. Ziko nyimbo zinazomtukana mwanamke na kusifu ulevi, na mzazi Mkristo ana haki ya kuzizima. Lakini tupime kwa mizani iliyo sawa. Kwanza tusikilize mkono: je, kazi imefanywa kwa uaminifu? Pili tusikilize neno: je, linamjenga mtu au linambomoa? Mahali wimbo ulipopigwa tupaulize mwisho, wala si kwanza. Bwana wetu mwenyewe alilaumiwa kwa ajili ya nyumba alizokula, na waliomlaumu hawakuwa wamesikiliza mafundisho yake.

Mtakatifu Yohane Bosko, alipokuwa kijana, alitembea juu ya kamba na kufanya mazingaombwe mbele ya watu wa kijiji chake, kisha akawasalisha Rozari. Hakungoja watu waje walipo watakatifu. Aliwafuata pale walipocheka. Sikukuu yake ni tarehe 31 Januari. Twawasihi ninyi viongozi wa kwaya na wa vyama vya vijana, siku hiyo, baada ya Misa, mwasikilizishe vijana wimbo mmoja wa Mwenda, aliyeitwa kwa jina la Mtakatifu huyo. Msihubiri kwanza. Waacheni wasikilize, na wapiga gitaa wajaribu kwa gumba na kidole kimoja, waone ugumu wake. Kisha mwombeeni marehemu huyo, pamoja na wote waliopiga gitaa nje ya mlango wetu.

Yule kijana wetu wa kwaya anajaribu “Masanga” hadi leo. Gumba linamtii, kidole cha shahada bado kinamshinda. Juzi alitukuta njiani akasema: “Mwalimu, kazi hii inataka moyo uliotulia.” Tukamwambia aendelee.