Mgema, Mnywaji na Kipimo cha Ulevi

Methali isemayo kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya kusifu kupita kiasi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Hebu tuulize: katika methali hii, ni nani aliyelewa? Si mnywaji, kwani tembo lake limetiwa maji. Aliyelewa ni mgema, na kilichomlevya ni sifa.

Hapo ndipo ilipo hekima ya lugha yetu. Mtu hulewa pombe, hulewa mapenzi, hulewa sifa, hulewa madaraka. Neno ni moja, kwa kuwa hali ni moja: kupotewa na kipimo. Wala si ajabu ndogo kwamba tembo la mnazi limezaa methali pwani, kwa watu ambao dini yao huharimisha kileo. Wasiolinywa nao waliweza kuuona ugema kuwa kazi ya amana.

Bara nako kipimo kilikuwa na walinzi wake. Mbege ya Wachagga, itengenezwayo kwa ndizi na ulezi, ilikuwa kinywaji cha posa, cha matambiko na cha mapatano, na wazee walipewa heshima yao katika kuinywa. Ukoloni uliuvuruga utaratibu wa namna hiyo. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za kikoloni zikamruhusu Mzungu kunywa alichokatazwa Mwafrika. Hata hivyo, mjini Nairobi, tangu miaka ya 1920, manispaa ilihodhi uuzaji wa pombe ya kienyeji, na faida ikalipia huduma za Waafrika hao hao. Aliyeambiwa kuwa hawezi kujizuia ndiye aliyegeuzwa mteja.

Kwa hiyo haturidhiki na michezo ya kuigiza inayomleta mlevi jukwaani ayumbe, achekwe, kisha atoke. Mlevi huyo hana historia. Hatuoneshwi nani anampimia, wala nani anahesabu faida. Watazamaji hucheka, na mlevi wa madaraka aliyeketi miongoni mwao hucheka pamoja nao.

Mwalimu afundishapo methali hii asiishie kwenye maana ya kitabuni. Awaulize wanafunzi wake: hapa petu, mgema ni nani, nani humsifu, na ni tembo gani lililokwisha kutiwa maji?