Mzigo wa Kitenzi Kimoja

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma mbele ya watu, katika baraza ya jioni, tafsiri yangu ya ile kauli ya mwanamfalme Hamlet anaposema peke yake, kauli ambayo hata asiyewahi kuifungua tamthilia yenyewe aghalabu huujua mwanzo wake. Nilikuwa nimeihangaikia tafsiri hiyo mwaka mzima na zaidi, na nilijiona nimefika. Wasikilizaji walipiga makofi kama ilivyo ada. Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye ujana wake aliumaliza katika kazi ya uhamali bandarini, akanyanyua mkono na kuniuliza: "Mwanangu, huyo bwana wako analalamika sana. Mzigo wake uko wapi?"

Nilimjibu kwa maneno mengi, na kila nilivyozidisha maneno ndivyo nilivyotambua kuwa jawabu sinalo. Usiku ule nikaifungua tena tamthilia. Katika kauli ile moja Shakespeare ametumia kitenzi "bear" mara tatu. Mara ya kwanza ni kwa mapigo na dharau za ulimwengu. Mara ya pili ni kwa mzigo khasa, wa kufungwa na kutwikwa, unaomtoa mtu jasho na kumfanya agune. Mara ya tatu ni kwa maovu tuliyoyazoea, ambayo twayaona afadhali kuliko yale tusiyoyajua. Mimi katika tafsiri yangu nilikuwa na vitenzi vitatu: nilianza na "vumilia", katikati nikaweka "beba", nikamalizia na "stahimili". Kila kimoja kilikuwa sahihi mahali pake. Vyote kwa pamoja vilikuwa kosa.

Sababu ya kosa hilo naijua. Kiingereza sikukisoma skuli kwa kiwango cha kutamba nacho. Nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyong'oka jalada, na mwenye kujifundisha kwa kamusi huzoea kulitazama neno kama sanduku lenye vijumba vingi, achague kijumba kimoja na kuvifunika vilivyobaki. Isitoshe, sote tulionywa tangu utoto kuwa kulirudia neno ni umaskini wa lugha. Basi nikabadilisha na kubadilisha, nikiringia utajiri wangu. Lakini Hamlet hakurudia kwa ufukara. Marudio yale ndiyo hoja yake: kwamba anayechukua matusi na anayechukua mzigo begani wanafanya kazi moja, kwa shingo moja. Nilipoyavunja marudio, mzigo ulibaki peke yake katikati ya shairi kama mgeni asiye na mwenyeji, na mzee wa bandarini, aliyekuwa akiusubiri, hakuuona.

Tangu siku hiyo kitenzi hiki hakijanitoka kichwani. Ni neno la kale mno. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa "beran", na wanaisimu wanalirudisha nyuma zaidi, hadi kwenye lugha ya asili ambayo haikuandikwa, iliyozaa lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na Bara Hindi. Mzizi huo ulikuwa na maana ya kuchukua kitu kutoka hapa hadi pale. Waajemi wanao katika "bordan", Wagiriki wa kale walikuwa nao katika "pherein", Walatini katika "ferre". Herufi zimebadilika kwa utaratibu unaojulikana, lakini mgongo ni ule ule. Yule mnyama dubu, ambaye kwa Kiingereza jina lake huandikwa na kutamkwa sawasawa na kitenzi hiki, si wa ukoo huu. Aghalabu wajuzi husema jina lake lina asili ya rangi ya hudhurungi. Sisi nasi tuna mtego wa namna hiyo, kama nitakavyoonesha.

Ukoo wenyewe, hata tukibaki ndani ya Kiingereza tu, ni wa kustaajabisha. Neno la mzigo, "burden", limo. Limo neno la toroli la kusukumwa kwa mkono. Limo neno ambalo watu wa Scotland humwitia mtoto, "bairn", yaani aliyechukuliwa tumboni. Na limo "bier", kitanda kinachochukuliwa na wazishi. Mtoto na jeneza wametoka katika mlango mmoja! Anayewahi kufuata maziko ya kwetu, akaona jinsi jeneza linavyopokezanwa bega kwa bega na kila mtu akigombea hatua chache za thawabu, hatahitaji mwanaisimu amweleze uhusiano huo.

Tena kuna "born". Mwingereza anaposema amezaliwa, kisarufi anasema amechukuliwa; ni kauli ya kutendwa ya "bear", ambayo siku hizi haisikiki hivyo kwa sababu imetengwa hata kwa tahajia: "borne" yenye herufi moja zaidi ni ya mizigo, "born" ni ya vizazi. Mwanya huo mdogo baina ya maneno mawili umebeba tamthilia nzima. Katika Macbeth, mfalme dhalimu anahakikishiwa kuwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, naye anajiona salama, hadi anapokutana na Macduff, aliyetolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa kabla ya wakati. Ukilishika neno kwa asili yake, Macduff amechukuliwa na mwanamke kama sisi sote, na hila ya wachawi haisimami. Inasimama kwa kuwa lugha imesahau.

Tamthilia hii S. S. Mushi aliitia katika Kiswahili kwa jina la Makbeth mwaka 1968, na tangu hapo kila mfasiri anayeipitia hukutana na tatizo hili: kwetu mtoto aliyetolewa kwa upasuaji naye husemwa amezaliwa, na mtazamaji wa leo, ambaye pengine mwenyewe alitolewa hivyo, atamwona mfalme kadanganywa kitoto. Mimi naona Kiswahili kina njia iliyo bora hata kuliko ya Kiingereza. Mama kwetu hujifungua. Ndani ya neno hilo mna kifungo, na mna mwenyewe anayekifungua. Mama yake Macduff hakujifungua, alifunguliwa na wengine. Mfasiri akiijenga kauli ya wachawi juu ya kujifungua, kitendawili kitasimama kwa miguu ya Kiswahili wala hakitaomba radhi kwa mtu.

Naomba niguse jambo moja lililo nje ya ushairi, kwa sababu wapo wanaodhani mambo haya ni ya kupotezea wakati. Marekebisho ya pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya watu ya kuweka silaha na, kwa kitenzi chetu hiki, ya kuzichukua. Mwaka 2008 majaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo waligawanyika watano kwa wanne, katika kesi baina ya Wilaya ya Columbia na mkaazi wake aitwaye Heller, na sehemu kubwa ya mabishano yao ilikuwa juu ya neno hilo. Jaji Scalia, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alishikilia kwamba maana yake ni kuwa na silaha mwilini kwa kujihami. Jaji Stevens, kwa walio wachache, kwamba ni msemo wa kiaskari, maana yake kutumikia vitani. Mswahili angewaelewa wote wawili, kwa kuwa kwetu kubeba silaha ni jambo moja, na kushika silaha, yaani kuingia vitani, ni jambo jingine. Lakini angelazimika kuchagua, na akichagua amekwisha kuhukumu kesi.

Turudi kwetu. Neno la Kiingereza la kutafsiri lenyewe limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuchukua, katika umbo lake la kutendwa: mfasiri kwao ni mvushaji, anayeitoa shehena ng'ambo hii akaishusha ng'ambo ile. Neno lao la sitiari ni la Kigiriki na maana yake ni hiyo hiyo, na mpaka leo magari ya kuhamisha mizigo huko Ugiriki huandikwa neno hilo ubavuni. Na neno lao la kuteseka, "suffer", ni "ferre" ya Kilatini iliyotanguliwa na "chini": kuchukua ukiwa chini ya kitu. Sisi tumechukua "tafsiri" kutoka Kiarabu, na asili yake ni kufafanua, kukiweka wazi kilichositirika. Naona tafauti hii ndiyo iliyonipotosha. Nilimfafanua Hamlet, mahali nilipotakiwa kumvusha na mzigo wake.

Je, Kiswahili kinao uwezo wa kumvusha? Wengi husema kuwa "bear" ni "vumilia", basi, kwa jambo la moyoni. Sina ugomvi na neno hilo, ni zuri na lina heshima zake. Lakini kwa sikio la leo halina bega. Huvumiliwa maumivu, huvumiliwa jirani, halivumiliwi gunia. Ukilitumia katika shairi kama hili unakuwa umeshaupandisha mzigo kutoka mgongoni hadi moyoni kabla msomaji hajauona.

Tunao ukoo wa Kiarabu, wa herufi h, m na l, ambao umefanya kwetu kila alichofanya "bear" kwao. Hamali ni mchukuzi wa mizigo, na gari lake la kukokota tunalijua. Himila ni mimba. Kuhimili ni kuweza uzito, na kustahimili ni kuweza uzito usioonekana. Mhimili ni boriti inayochukua dari, na wanasiasa wanapotaja mihimili mitatu ya dola, nadhani hawakumbuki kuwa wanalisema neno la ndugu yake yule mzee aliyekaa mlangoni. (Mahameli, kitambaa laini cha vitanda vya maharusi, simo katika ukoo huu ijapokuwa sauti yadanganya, hiyo ina khe mwanzoni mwa mzizi wake. Ndiye dubu wetu.)

Na tunao ukoo wetu wenyewe wa Kibantu, ambao naupenda zaidi. Mchukuzi huchukua gunia. Mke huchukua mimba. Kijana mwema huchukua wazee wake, ndivyo walivyosema wa kale, yaani huwalisha na kuwatunza. Watu wawili wanaopatana wanachukuana, na wasiopatana, wakiwa na busara, huchukuliana. Sijui Mwingereza angedai nini zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nikaivunja tafsiri yangu na kuanza upya, na "chukua" katika mahali pote patatu. Kwa mizani ilinifaa: "vumilia" yala mizani nne, "chukua" yala tatu, na katika kipande cha mizani nane ile moja iliyookolewa ni mali. Lakini kijana mmoja niliyemsomea, mzaliwa wa bara, alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza kwa nini mwanamfalme anayatwaa matusi ya watu badala ya kuyaacha. Kwake yeye kuchukua ni kutwaa, kama mtu achukuavyo chenji dukani. Hakukosea, ndivyo neno linavyokwenda siku hizi, hata hapa kisiwani kwa watoto wetu. Nikajaribu "himili", nayo ni mizani tatu na hailetwi dukani. Ina upungufu wake: ukisema mtu kahimili umekwisha kusema kuwa ameweza, na Hamlet bado anauliza kama kuna haja ya kuweza. Hata hivyo imebaki hiyo, mara tatu, na ya katikati nimeitia mahali penye kina ili sikio lisiipite.

Kilichonishinda ni jina la mzigo wenyewe. Shakespeare ametumia neno ambalo hata kwa Mwingereza wa leo ni la kale, la furushi lililofungwa kwa safari ya mgongoni. Kwetu neno lake halisi lipo: mtumba, robota lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja, lililotoka pwani hii likaenda bara kwa miguu ya watu. Lina uzito wake, lina jasho lake, na lina historia ambayo Hamlet hakuota kuwa nayo. Nililiandika, nikalisoma kwa sauti chumbani, nikacheka peke yangu. Maana ukiwaambia watu leo kwamba mwanamfalme wa Denmark anaguna chini ya mtumba, watamwona amebeba masuruali yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya, akiyapeleka mnadani. Nikalifuta, nikaandika "mzigo".