Vikombe Viwili vya Bati

Jumamosi saa nane mchana, upepo wa Julai ukivuma Iringa na watu wakitembea wamekunja mikono kifuani, mwalimu wa fizikia anapanga vikombe vya bati juu ya meza. Viko kumi. Anainua kimoja kimoja, anakiweka kwenye mizani ndogo aliyoazima dukani, anaandika uzito wake, anapima kimo chake kwa rula. Anatafuta viwili vinavyofanana. Kazi hiyo inamchukua karibu nusu saa. Wanafunzi kumi na wawili wa klabu ya sayansi, wa kidato cha pili na cha tatu, wanamtazama bila kuelewa kikombe kina umuhimu gani. Mwalimu hawaelezi. Akishavipata, anatia kila kimoja nukta ya rangi ya kucha, hiki nyekundu, hiki nyeupe.

"Leo tunagandisha maji," anasema. "Moto na baridi, tuone yapi yatatangulia."

Darasa linacheka. Yeye anangoja kicheko kiishe, halafu anawasimulia kisa.

Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe ndipo wayaweke kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganya mambo. Baadaye alikutana na muuza aiskrimu wa Tanga aliyemwambia kwamba hata yeye huingiza maziwa ya moto ili yawahi kuganda. Mpemba akaendelea na masomo hapa Iringa, sekondari ya Mkwawa, akalibeba swali lake. Alipokuta maabara iko wazi, alijaribu mwenyewe kwa maji. Na Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza na wanafunzi, kijana alisimama akauliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne aliahidi kupima, akapima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo dunia nzima inalitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Mwalimu huyu alisomea ualimu Mkwawa hapohapo, siku hizi ikiwa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Anakisimulia kisa hicho kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jirani. Kisha anarudi kwenye vikombe.

Hatua ya kwanza ni kupima maji. Shule haina vyombo vya kutosha vya kupimia ujazo, kwa hiyo ametoa bomba la sindano la mililita 10, jipya, lisilo na ncha. Kila kikombe kitapata mililita 70, yaani mabomba saba. Anamkabidhi kijana mmoja bomba, anampa mwingine kazi ya kuhesabu. Kijana anavuta maji haraka, na kiputo cha hewa kinabaki juu. Mwalimu hasemi kitu, anakigusa tu kiputo kwa ncha ya kalamu. Kijana anakitazama, anarudisha maji, anavuta upya polepole, anaupigapiga ubavu wa bomba mpaka kiputo kinapanda na kutoka. Mabomba sita yanayofuata anayavuta vizuri bila kuguswa na mtu.

Hatua ya pili ni moto. Jiko la mkaa liko nje ya mlango, sufuria juu yake. Maji yanapotokota, msichana anatumbukiza kipimajoto, anasubiri, anasoma. Anasoma tena.

"Madam, kipimajoto kimeharibika. Kimegoma kwenye 95."

Hapa ndipo nilipouona ufundi wa mwalimu. Jibu analijua. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Angeweza kulisema kwa sentensi moja, watoto wakaliandika, wakalisahau. Badala yake anachuchumaa kando ya jiko, anaisoma ile namba mwenyewe, anauliza: "Tutajuaje kama kimeharibika?"

Anakaa kimya. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika tisa. Kuna walimu wengi wanaouliza maswali mazuri, lakini wachache wanaoweza kuvumilia ukimya unaofuata. Mmoja anapendekeza waazime kipimajoto kingine maabara. Kinaletwa, nacho kinasimama palepale. Mwingine anasema labda ni sufuria. Wanabadilisha sufuria, na namba haibadiliki. Ndipo msichana mwenye sweta la bluu, ambaye tangu mwanzo hajafungua mdomo, anasema taratibu kwamba kwao ni Mbeya mjini, lakini aliwahi kukaa na shangazi yake Kyela, kule chini kwenye Ziwa Nyasa, na maharage ya Kyela huiva upesi kuliko ya nyumbani.

"Kwa nini?" anauliza mwalimu, na sasa darasa zima limemgeukia binti wa maharage. Inawachukua dakika kumi kufika kwenye mlima, hewa na mgandamizo. Wanafika kwa miguu yao. Mwalimu anachora mstari mmoja tu ubaoni, mlima, ziwa chini yake, sufuria kila upande.

Hatua ya tatu inafanyika bila chombo chochote. "Tukisema yameganda, tunamaanisha nini?" Kuna anayesema ni utando wa kwanza juu, na mwingine anadai mpaka yawe jiwe. Si ubishi wa kitoto. Wanasayansi waliokuja baada ya Mpemba wamepingana kwa sababu kadhaa, na hii ni mojawapo: kila mmoja aligandisha kwa kipimo chake. Wapo wanaoshuku hadi leo kama jambo lenyewe lipo. Klabu inakubaliana: utando wa kwanza, unaoguswa kwa njiti ya ufagio. Wanayaandika makubaliano hayo juu ya jedwali na kuyapigia mstari.

Difriza ni la mama anayeuza barafu za maziwa mbele ya geti. "Kamwene," anatupokea, na anasogeza vifuko vyake kutupa nafasi. Mwalimu anatandika kipande cha godoro chini ya vikombe ili ubaridi wa sakafu ya difriza usiingilie. Osborne naye alikalisha vyombo vyake juu ya tabaka la kuzuia joto. Mmoja anafunua mfuniko, mmoja anagusa, mmoja anaandika, kila baada ya dakika kumi. Mfuniko haukai wazi hata kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Maji ya baridi yanatangulia.

Kijana mwenye daftari anasita. "Madam, niandike hivyohivyo? Mpemba alisema moto."

"Andika ulichokiona."

Maneno mawili, nayo yalinirudisha kwenye kisa cha Osborne. Fundi wake wa maabara alipoyapima maji kwa mara ya kwanza, aliripoti kwamba ya moto yametangulia, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate matokeo sahihi. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Kalamu ya kijana huyu ilipogusa karatasi na kuandika "baridi", niliyaona yote mawili.

Jioni inaingia, lakini hakuna anayeaga. Wanarudia bila godoro, kwa pendekezo la binti wa maharage. Safari hii maji ya moto yanapata utando kwanza, na kikombe kinapoinuliwa kimeacha duara kwenye sakafu yenye theluji: kiliiyeyusha, kikazama, kikakaa karibu zaidi na ubaridi. Watoto wanashangilia. Mwalimu anakigeuza kikombe kilichoshinda, anaionyesha nukta nyekundu chini yake. Mara zote mbili maji ya moto yalikuwa kwenye kile chekundu.

"Jumamosi ijayo tunavibadilisha," anasema, anavifuta na kuvifunga kwenye kitambaa.

Mama wa barafu alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. "Mwalimu, kwa hiyo haya maziwa yangu niyaingize ya moto?"

Mwalimu anamtazama kwa heshima ileile aliyowapa watoto. "Wewe unaonaje, mama?"

Mama anafikiri. Kisha anachukua vifuko viwili vilivyo sawa, anavishika kimoja kila mkono, na kuanza kuvipima uzito.