Dizeli, Petroli au Stima? Nimeshalionja la Stima, Jamani!

Foleni ya feri ya Likoni, saa kumi na moja jioni. Jua limetukalia usoni, vioo vyote vimefungwa, na kiyoyozi kinapuliza baridi hadi binti yangu huko nyuma ameomba leso ya mamake ajifunike. Mbele yetu pikapu inatetemeka na kukohoa moshi. Kando, matatu imezima injini kuokoa mafuta, abiria wanajipepea kwa magazeti. Sisi hatuna cha kuzima! Tumekaa tuli kama tuko sebuleni, dakika arubaini nzima, na nilipotupa jicho kwenye dashibodi betri ilikuwa imepungua asilimia mbili. Mbili tu! Hapo nikajua nimekwisha mie.

Gari lenyewe ni BYD Atto 3. Mwenyewe kasafiri, kaniachia funguo siku tatu kwa sharti moja: nisilirudishe na mchanga wa Diani ndani. (Sharti hilo nimeshalivunja.)

Nieleze kwanza nimefikaje hapa. Gari dogo tulilonalo limetushinda. Watoto ni watatu, miguu yao inarefuka kila muhula, na kila Desemba kuna safari ya Nairobi kwa wakwe. Kwa miaka miwili roho yangu imekuwa kwenye Mazda CX-5, na si mimi pekee. Simama dakika tano barabara ya Nyali uzihesabu. Nilichokuwa sijakijua ni kimoja tu, ya dizeli au ya petroli. Ami yangu anayo ya dizeli, lita 2.2. Shemeji yangu anayo ya petroli, lita 2. Bodi ile ile, viti vile vile, moyo mbalimbali. Nikapanga niziendeshe zote mbili kwa wiki moja, nikate shauri, nimalize. Kisha likaja hili la stima likanivurugia hesabu.

Hebu ingia ndani uone! Kwenye mfuko wa chupa mlangoni wamekaza nyuzi tatu nyekundu, na ukizivuta zinalia, kila moja na sauti yake. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameshageuka mpiga udi kabla hatujamaliza daraja la Nyali. Matundu ya kiyoyozi yamefanywa kama vyuma vya kunyanyua vya mabaunsa. Skrini kubwa ya katikati ukibonyeza kitufe kwenye usukani inazunguka, inasimama wima kama simu, ukibonyeza tena inalala. Ina faida gani? Ramani ya njia huonekana mbali zaidi ikisimama, hiyo kweli. Mengine ni mbwembwe, na mbwembwe nazipenda.

Kisha kanyaga. Yarabi! Mota ina kilowati 150 na msukumo wa nyutoni-mita 310, na huo msukumo haungojwi. Injini ya mafuta lazima ijikusanye, gia ishuke, mzunguko upande, ndipo uende. Hapa mguu na gari ni kitu kimoja. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 7.3, kwa gari la familia lenye uzito wa kilo 1,750, na kiti cha mtoto nyuma, na mkoba wa maandazi. Mke wangu aliniambia neno moja tu: "Taratibu." Halafu tulipofika Ukunda akasema, "Sasa nipishe mimi niendeshe." Hakunirudishia usukani siku ile.

Usiku wa pili stima ikapotea mtaani kwetu. Nikakumbuka kwamba gari hili, kwa adapta yake, linatoa umeme kama soketi ya ukutani. Nikavuta waya kupitia dirishani: friji, feni, taa ya sebuleni. Majirani walitoka nje kutazama nyumba moja inayong'aa na hakuna jenereta inayonguruma. Asubuhi betri bado ilikuwa na chaji tele. Niambie ni dizeli gani itakufanyia hivyo!

Haya, nipumue. Maana kuna upande wa pili, na upande huo unaanzia Mariakani kuelekea bara.

Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 485, na ni mlima, ingawa hauonekani. Unatoka usawa wa bahari unaishia karibu mita 1,700 juu. Gari lenye abiria watano na mizigo ya Krismasi lina uzito wa kama tani 2.1, kulinyanyua tu hadi huko, bila hata kuhesabu upepo na msuguano wa tairi, kunakula karibu uniti 10 za stima. Betri kubwa ya Atto 3 ina uniti 60.48. Sehemu ya sita ya chaji yako yote imekwenda kupanda ngazi! Safari ya kurudi utarudishiwa sehemu yake, kwa sababu mota ikibana mteremkoni inageuka kuwa jenereta, na kushuka mteremko mkali bila kugusa breki huku asilimia zinapanda ni raha isiyosimulika. Lakini kwanza ufike.

Kiwandani wanasema kilomita 420 kwa kipimo cha Ulaya. Mimi kwa mwendo wa barabara kuu, kiyoyozi kikiwaka, nikielekea juu, nitategemea 300 na nisishike roho mkononi. Maana yake ni lazima uchaji njiani. Ukiikuta mashine yenye nguvu ya kutosha, kutoka asilimia 30 hadi 80 ni kama nusu saa, muda wa kula na watoto kwenda haja. Taabu ni kuikuta, na kuikuta inafanya kazi, na kukuta haina mtu. Vituo vya sheli viko kila mji kuanzia Voi, Mtito Andei, Emali. Vya chaji ya haraka bado ni vya kuhesabu.

Na hapo ndipo dizeli ya ami inapocheka. Nyutoni-mita 420, na zinapatikana kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Unaijua ile sehemu baada ya Sultan Hamud, malori yamefuatana kama siafu, na nafasi ya kupita ni fupi kuliko subira yako? Ami anakanyaga, turbo inavuta hewa, malori mawili yameshabaki kwenye kioo. Turbo hiyo hiyo ndiyo inayoifanya dizeli isijali mwinuko, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi yenyewe inaisukuma kwa nguvu. Petroli ya shemeji haina turbo. Ina nyutoni-mita 196 ukiwa baharini, na kila unavyopanda hewa inapungua nayo pumzi inapungua. Ukifika Athi River imeshapoteza kama asilimia 15 na ushei ya nguvu zake. Utaisikia: inapiga kelele nyingi, inakwenda kidogo.

Nikawa karibu kusema dizeli basi. Kisha ami, mtu mkweli, akafungua boneti.

"Mwanangu, njoo uone kijiti hiki." Akavuta kijiti cha kupimia oili. Magari mengi yana alama mbili, ya chini na ya kujaa. Hiki kina ya tatu juu yao, herufi X. Oili ikipanda ikafika hapo, imwage. Oili ipande? Ndiyo, na si muujiza. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na masizi yale huchomwa kwa kuongeza dizeli kidogo ili joto lipande. Ukiwa safarini, mwendo mzuri, yanaungua yakaisha. Lakini ukiwa mtu wa kupeleka watoto shule, sokoni Kongowea, nyumbani, kilomita sita sita, uchomaji unakatishwa kila mara, na dizeli isiyoungua inateremka kuchanganyika na oili. Chujio linaziba, oili inakuwa nyepesi, na siku moja taa ya injini inawaka ukiwa kwenye foleni. Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, kwa hiyo mafuta si mchawi tena. Mchawi ni safari fupi. Ami haimsumbui, kila mwezi anakwenda Nairobi kwa biashara, gari linajisafisha lenyewe. Mimi huenda mara moja kwa mwaka!

Petroli nisiionee. Haina chujio la kuogopa, fundi yeyote wa Changamwe anaifungua akiwa amefumba macho, na ukiishiwa mafuta kijana wa bodaboda anakuletea kwa kidumu. Lakini nilishuka kwenye gari la shemeji sikumbuki hata rangi ya viti. Tuendelee.

Pesa sasa. Mwishoni mwa 2025 petroli Mombasa ilikuwa karibu shilingi 181 kwa lita, dizeli karibu 168, na kila tarehe 14 ya mwezi tunashika matumbo mamlaka ya nishati, EPRA, wakitangaza bei mpya. Kwa mwendo wa mjini, nikikadiria lita 11 za petroli kwa kilomita 100, ni karibu shilingi 2,000. Dizeli, lita 8, ni kama 1,350. Atto 3 inakula kama uniti 17. Kwa tokeni za nyumbani, nikihesabu shilingi 30 kwa uniti, ni 510. Robo ya petroli! Na hiyo ni bei ya juu. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo. Na stima yenyewe kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana. Familia inazunguka Mombasa kwa mvuke wa Bonde la Ufa, nani angeamini?

Kasoro zake nazitaja haraka kwa sababu mapenzi hayapendi kuchelewa. Kimo cha chini ya gari ni milimita 175, kwa hiyo matuta ya mtaa yaendee kwa adabu na mawe ya Taita uyaache. Buti ni lita 440, linatosha mabegi, halitoshi mabegi na gunia la nazi. Kwenye masoko mengi linauzwa bila tairi ya spea, unapewa pampu na dawa ya kuzibia tu, basi uliza kabla ya kulipa. Na bei ya jipya ukiilinganisha na CX-5 iliyotumika kutoka Japani itakufanya ukae chini kwanza.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: gari litalala wapi? Kwa chaja ya ukutani ya kilowati 7, betri tupu inajaa kwa saa kama tisa. Ulale, uamke, uondoke. Kwa soketi ya kawaida ni mchana na usiku mzima, na bado. Niliwahi kupanga ghorofa ya tatu ambako mwenye nyumba aligombana nasi juu ya friza, sembuse gari! Ukikaa namna hiyo, nunua petroli na usione haya. Ikiwa barabara ya Nairobi ndiyo ofisi yako, mfuate ami kwenye dizeli. Sisi tuna geti, tuna ua, na mita yetu wenyewe.

Nilimpeleka ami garini jioni ya mwisho. "Ami, ingia basi ulisikie."

"Nisikie nini, na halina sauti?"

Tukazunguka hadi Mama Ngina Drive na kurudi. Hakusema kitu mpaka tulipofika mlangoni kwake, akavuta uzi mmoja mwekundu, ting, akatabasamu.

Mimi nanunua la stima. Jumamosi fundi anakuja kupima waya. Desemba tutaazima dizeli ya ami kwenda kwa wakwe, na ameshakubali, kwa sharti tuirudishe tangi likiwa limejaa.